Nuru Juu ya Meza ya Wala Njama



Katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Stockholm, nchini Sweden, kuna picha ambayo taa yake haionekani. Ni usiku. Watu wameizunguka meza, na mwanga mkali unapanda kutoka kwenye kitambaa cheupe hadi nyusoni mwao. Aliyeketi mbele ametugeuzia mgongo na kuikinga taa. Kwetu sisi amebaki kivuli cheusi.

Picha hiyo ilichorwa na Rembrandt, Mholanzi, mwaka 1661 hadi 1662. Inasimulia habari za Claudius Civilis, kiongozi wa Wabatavi, kabila lililoipatia Roma askari. Mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba ndugu yake Civilis aliuawa kwa mashtaka ya uongo, naye mwenyewe akapelekwa kwa Nero amefungwa minyororo. Maofisa wa Kirumi waliwaandikisha jeshini hata wazee na wagonjwa, ili wajikomboe kwa fedha. Ndipo, mwaka 69, Civilis akawaita wakuu wa kabila lake usiku katika msitu mtakatifu, kwa kisingizio cha karamu, akawaapisha kuiasi Roma.

Tuutazame mwanga huo kwa makini. Hautoki mbinguni wala dirishani, bali mezani, katikati ya wale wanaoapa. Unaangaza panga zinazogusana, na unamwangaza Civilis aliyepoteza jicho moja. Rembrandt angeweza kumchora kwa upande na kulificha jicho bovu. Hakufanya hivyo: nuru imeonyesha ushujaa wake na kovu lake pamoja. Hali ya picha nzima ni ya uzito na hofu, kwa maana kila aliyenyosha upanga anajua kwamba asubuhi hawezi tena kurudi nyuma.

Meza hii inatukumbusha meza nyingine. Miaka mingi kabla, Rembrandt alikuwa amenakili kwa mkono Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci. Hapa pia kuna meza ndefu, usiku, na agano. Lakini katika karamu ile Bwana alitoa damu yake mwenyewe; katika hii wanaapa kumwaga damu ya wengine.

Picha ilichorwa kwa ajili ya ukumbi mpya wa jiji la Amsterdam, uliofunguliwa mwaka 1655. Waholanzi walijitambua katika Wabatavi, kwa kuwa wao nao walikuwa wamejikomboa kutoka kwa mfalme wa Hispania. Mwaka 1662 picha ilitundikwa, kisha ikaondolewa. Ilikuwa na zaidi ya mita 5 kila upande. Ilikatwa, na leo imebaki takriban sentimita 196 kwa 309.

Katika miaka hiyohiyo, 1661 hadi 1663, si mbali na ukumbi huo, mfanyabiashara Mkatoliki Jan Hartman alikuwa akijenga kanisa darini mwa nyumba yake. Tangu mwaka 1578 ibada za hadhara za Kikatoliki zilikuwa zimepigwa marufuku mjini humo. Wakuu wa jiji walijua na kuvumilia, mradi kanisa lisitambulike kutoka barabarani. Hivyo jiji lililowaenzi mababu waliokutana kwa siri kudai uhuru, liliwalazimu raia wake kupanda ngazi kwa siri ili wasali. Kanisa hilo leo ni makumbusho, na linaitwa Bwana Wetu Darini.

Ndugu zangu, siri peke yake si dhambi wala si fadhila. Swali ni hili: mezani pana nini, upanga au kikombe? Sisi tunasali milango ikiwa wazi. Lakini vikao vyetu vya pembeni, vile vya baada ya Misa na baada ya jumuiya, vimewekewa nini mezani? Nasi tuliowahi kuonewa, tunawafungia nani mlango? Taa ikiwashwa katikati yetu, nyuso zetu zitasema zenyewe.

Tumsifu Yesu Kristo.