Sianidi huvunjika, zebaki haivunjiki

Wasikilizaji wetu wa Kahama, Geita na Nyarugusu hutuuliza: je, sumu za kwenye mialo ya dhahabu huisha zenyewe? Inategemea ni sumu gani.

Sianidi, inayotumika kwenye matangi ya kuloweka marudio, ni kaboni na naitrojeni zilizoshikana. Kifungo hicho hukatika. Bwawani, jua na hewa huipunguza taratibu. Migodi mikubwa huharakisha kazi hiyo kwa kupuliza hewa na gesi ya salfa dayoksaidi kwenye tope, huku shaba kidogo, mara nyingi kutoka kwenye mrututu, ikiwa kichocheo. Kichocheo huharakisha mabadiliko bila chenyewe kuisha. Sianidi hugeuka sayaneti, yenye sumu ndogo zaidi. Lakini sianidi iliyoshikana na chuma hukaa muda mrefu. Usinyweshe ng'ombe maji ya bwawa la marudio, hata yakionekana safi.

Zebaki ni tofauti. Ni elementi, hakuna jua, dawa wala kichocheo cha kuivunja. Ukiichoma haipotei: inakuwa mvuke, inaingia mapafuni, kisha inatua kwenye udongo na maji. Humo bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo hujikusanya kwenye samaki.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Kwa mchimbaji, kinga ni kuizuia isitoke: tumia retoti, chombo kilichofungwa kinachopoza mvuke na kukurudishia zebaki yako. Na usichomee dhahabu jikoni, mnapopikia na watoto wanapokaa.