Mtawa wa Arezzo na Nota Zetu



Wapendwa wanaparokia, kila hija ya Italia inapotajwa katika kwaya zetu za hapa Mwanza, orodha ya mahali pa kuzuru huwa ni ileile. Roma, kwa makaburi ya Mitume Petro na Paulo. Assisi, kwa Mtakatifu Fransisko. Padua, kwa Mtakatifu Antoni, ambaye akina mama hawakubali kabisa apitwe. Baba wa sauti ya besi hutaka pia kufika Venice, kwa kuwa watoto wake wameiona kwenye televisheni. Waimbaji nao huongeza Basilika la Mtakatifu Sesilia, mtaa wa Trastevere huko Roma, ili waione sanamu ya marumaru aliyoichonga Stefano Maderno mwaka 1600, inayomwonyesha somo wao amelala ubavu, shingoni ana jeraha la upanga. Ni vema sana. Lakini reli ya zamani ya kutoka Roma kwenda Florence hupita katika mji mmoja ambao sijauona katika orodha yoyote, nao ndio mji ambao mwanakwaya wa Kitanzania angepaswa kushuka kabla hajaifikiria Venice. Mji huo ni Arezzo.

Miaka elfu moja hivi iliyopita aliishi mtawa wa Kibenediktini aitwaye Guido. Alianzia katika abasia ya Pomposa, karibu na pwani ya Adriatiki. Siku hizo nyimbo za Kanisa zilikaa vichwani mwa watu. Juu ya maneno waliandika vialama vilivyoonyesha sauti ipande au ishuke, bila kusema ipande kwa kiasi gani. Vialama hivyo vilimfaa aliyekwisha kuujua wimbo. Asiyeujua hakupata msaada wowote. Kwa hiyo mwimbaji alimtegemea mwalimu tangu utoto hadi mvi, na Guido mwenyewe ameandika kwamba watu walijifunza miaka kumi na bado wakaimba kwa kubahatisha.

Guido alifanya mambo mawili. Kwanza, aliweka sauti juu ya mistari, kila moja mahali pake, na mingine akaipaka rangi ili jicho lisipotee. Pili, aliuchukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ule wa sikukuu ya tarehe 24 Juni, ambao vipande vyake vya kwanza huanza kila kimoja ngazi moja juu ya kile kilichotangulia. Silabi za mwanzo za vipande hivyo ni ut, re, mi, fa, sol, la. Kijana aliyeushika utenzi huo mmoja alikuwa na kipimo cha kuimbia wimbo mwingine wowote, hata ule ambao hajapata kuusikia tangu azaliwe. Kazi ya miaka kumi ikawa ya mwaka mmoja au miwili.

Mngetegemea wenzake wamshangilie, sivyo? Walimwonea wivu, naye akalazimika kuondoka Pomposa. Wazee wa kwaya mnaosoma hapa mnajua vizuri ninachokisema. Askofu Theodald wa Arezzo alimpokea na kumpa waimbaji wa kanisa kuu awafundishe, na kwa ombi lake Guido aliandika kitabu kiitwacho Micrologus, karibu mwaka 1026. Habari zikafika Roma, naye Papa Yohane XIX akamwita. Guido anasimulia katika barua yake kwa mtawa Mikaeli, rafiki yake wa Pomposa, kwamba Papa alikifungua kitabu chenye mistari, akakigeuzageuza kwa mshangao, wala hakuinuka mpaka amejifunza aya moja ambayo hakuwa ameisikia, na kuiimba mwenyewe. Lakini Guido hakukaa Roma. Joto la kiangazi na hewa ya mabwawa vilimtia homa. Nasi tunaoishi kando ya ziwa hatuhitaji kufafanuliwa ni homa ya namna gani. Hata abate wa Pomposa alipokutana naye baadaye alijuta kwa kuwasikiliza wapinzani wake, akamsihi arudi.

Baada ya karne kadhaa ut ikawa do, na silabi ya saba, si, ikaongezwa. Kisha njia ikapita mahali ambapo Mkatoliki asingetazamia. Katika karne ya 19 Mwingereza Sarah Glover, binti wa kasisi wa Kianglikana wa mji wa Norwich, aliona kwamba watoto maskini wa Sunday school wangeweza kusoma muziki kwa herufi tupu, bila mistari. Aliibadilisha si ili kila silabi ianze na herufi yake, na ndiyo maana sisi twaimba ti. Mchungaji John Curwen aliutengeneza zaidi mpango huo na kuueneza, na wamisionari wakauleta Afrika. Karatasi zile za kwaya zenye d, r, m na nukta mbili za mapigo, ambazo leo mnatumiana kwa simu, zimetoka kwa mtawa wa Italia kupitia kwa Waprotestanti wa Uingereza. Sioni haya kuwashukuru.

Lakini katika kwaya zetu ni wangapi wanaozisoma? Mara nyingi ni mwalimu peke yake. Wengine humsikiliza yeye, au husikiliza kinanda, au rekodi ya kwaya ya Dar es Salaam, wakaiga. Mwalimu akihamishwa kikazi kwenda Tabora, kwaya ya watu arobaini hunyamaza, na karatasi hubaki kabatini. Hiyo ndiyo hali ya Pomposa kabla ya Guido.

Pwani yetu hii inajua maana ya kubaki bila mwalimu. Mnamo Novemba 1882 Wamisionari wa Afrika waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakavuka ziwa kuja upande wetu wa kusini, na Bukumbi pakawa makao yao. Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, hakurudi kule hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu wakristo wapya wa Buganda hawakuwa na padre hata mmoja. Walei kama Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa na Mathias Mulumba walisali pamoja na wenzao na kuwafundisha wengine, na mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Hawa watatu wamo kati ya mashahidi 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso ukiendelea. Kwa tukio hilo Joseph Kyagambiddwa alitunga Oratorio ya Mashahidi wa Uganda, kwa tuni za kwao na ngoma, nayo ikaimbwa huko huko Roma.

Naitaja ngoma kwa makusudi, maana herufi za Curwen hazitoshi. Hushika sauti ya mwimbaji, lakini mdundo wa Kisukuma huziponyoka. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alilielewa jambo hilo pale Bujora: alikusanya ngoma na nyimbo za Wasukuma, na sherehe ya Bulabo ikaunganishwa na sikukuu ya Ekaristi. Anayetaka kuujua mdundo ule hana budi kusimama karibu na mpigaji.

Sanamu ya Guido imesimama katika uwanja wenye jina lake, Arezzo, tangu mwaka 1882, mwaka uleule mapadre walipovuka ziwa. Watakaokwenda Italia wanipigie picha yake.

Darasa la nota litaanza Jumamosi ijayo saa tisa alasiri, ukumbi wa parokia. Ni la watoto pamoja na wazazi wao. Waje na daftari na penseli, ubao upo.