Monty Python na Ukweli wa Karibu Karibu

Leo naomba tuiweke siasa kando kidogo, tuzungumzie ugomvi wa mashabiki. Siyo wa Simba na Yanga, huo tumeshauzoea. Ni wa mashabiki wa Monty Python, kundi la vichekesho la Uingereza, na jinsi walivyogawanyika kuhusu dokumentari moja iliyotoka mwaka 2009 kusimulia historia ya kundi hilo.

Kwa wasiowafahamu, nianze na historia fupi. Graham Chapman, John Cleese na Eric Idle walitoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Terry Jones na Michael Palin walitoka Oxford. Wa sita, Terry Gilliam, alikuwa Mmarekani, mchoraji wa katuni. Tarehe 5 Oktoba 1969 BBC ilianza kurusha kipindi chao, Monty Python's Flying Circus. Kilikuwa cha maigizo mafupi mafupi, lakini siyo yale tuliyozoea ambapo kila igizo lina kichekesho chake cha kumalizia. Wao waliweza kulikata igizo katikati. Afisa wa jeshi anaingia, anatangaza kuwa mambo yamekuwa ya kipuuzi mno, basi limeisha. Au mguu mkubwa wa katuni unashuka kutoka juu na kukanyaga kila kitu. Sehemu zote zilikuwa 45, na ya mwisho ilirushwa Desemba 1974. Baada ya hapo zikaja filamu: Holy Grail mwaka 1975, Life of Brian mwaka 1979 na The Meaning of Life mwaka 1983.

Sasa dokumentari yenyewe. Ilitengenezwa kwa ajili ya miaka 40 ya kundi na inaitwa Monty Python: Almost the Truth (The Lawyer's Cut). Kwa Kiswahili chetu tungesema "Ukweli wa Karibu Karibu, Toleo la Mwanasheria". Mmezoea kuona filamu ikitolewa upya kama mwongozaji alivyoitaka. Hawa wakasema yao imepita kwanza kwa wakili! Ina sehemu sita, kila moja karibu saa nzima. Watano waliokuwa hai wakati ule wote walihojiwa. Mmoja wa waongozaji wake ni Bill Jones, mtoto wa Terry Jones. Kumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Mashabiki waliipokeaje? Kwa ninavyoona, kuna kambi tatu.

Kambi ya kwanza inasema hakuna jipya. Hawa ndio wale wa damu. Wanazo kanda na wanavyo vitabu, kuanzia kile cha mwaka 2003 ambacho kundi lilijisimulia lenyewe, hadi shajara za Palin zilizochapishwa mwaka 2006. Wanaijua habari ya Life of Brian: jinsi kampuni ya EMI ilivyojitoa dakika za mwisho, na jinsi George Harrison wa The Beatles alivyoweka rehani nyumba yake ili pesa zipatikane, kwa sababu tu alitaka kuiona filamu hiyo. Wanajua kuwa Holy Grail ilichangiwa pesa na wanamuziki, wakiwemo Pink Floyd na Led Zeppelin. Kwao saa sita ni kusikia hadithi ile ile kwa mara ya kumi. Tena hata urefu wenyewe hawakubaliani. BBC ilionyesha toleo lililofupishwa hadi saa moja, wengine wakalalamika kuwa hilo ni kionjo tu na siyo chakula.

Kambi ya pili inalalamikia wageni. Dokumentari inawaleta wachekeshaji waliokuja baadaye, kama Eddie Izzard, Steve Coogan na Russell Brand, waeleze Python iliwaathiri vipi. Mashabiki wengi wanauliza: kwa nini nimsikilize mtu akinisimulia igizo la kasuku aliyekufa badala ya kunionyesha igizo lenyewe? Upande wa pili unajibu kuwa bila wageni hao kijana wa leo hataelewa kwa nini mambo haya yalikuwa mapya mwaka 1969. Kila upande una hoja. Ila ningekuwa mhariri ningewapunguza, maana sifa zikirudiwa rudiwa zinageuka matangazo.

Kambi ya tatu ndiyo iliyonigusa. Hawa wanauliza habari za Graham Chapman. Chapman alifariki kwa saratani tarehe 4 Oktoba 1989, siku moja tu kabla kundi halijatimiza miaka 20. Katika dokumentari yumo kwa picha na mahojiano ya zamani, na yumo David Sherlock, aliyekuwa mwenzi wake wa maisha. Lakini hayumo kujibu. Na mambo ya kujibu yalikuwepo. Wenzake wanaeleza jinsi pombe ilivyomtesa: alipokuwa Mfalme Arthur katika Holy Grail mikono ilimtetemeka, na mistari ilimpotea, yeye aliyekuwa daktari kwa kusomea. Wanaeleza pia kwamba aliacha pombe mwishoni mwa 1977, na walipokwenda Tunisia kupiga Life of Brian, yeye aliyeigiza Brian akawa pia anawatibu wenzake waliougua.

Jamani, marehemu hajitetei. Mashabiki wa kambi hii wanasema habari ya mtu haiwezi kukamilika ikiwa imesimuliwa na waliobaki tu. Mimi ni mwandishi wa habari, na nakubali kuwa hoja hii ni nzito. Sisi tunafundishwa kusikiliza pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa kaburini unafanyaje? Ni kama wenyewe walilisikia swali hilo. Mwaka 2012 Bill Jones na mwenzake Ben Timlett, waliofanya naye dokumentari ile, walishirikiana na Jeff Simpson kutoa filamu ya katuni kuhusu maisha ya Chapman, wakitumia sauti yake mwenyewe aliyoirekodi akisoma kitabu chake. Jina la kitabu hicho kwa Kiswahili ni wasifu wa mwongo. Yaani hata yeye alipopata nafasi ya kujieleza alitutahadharisha tusimwamini sana!

Hapo ndipo ninapotofautiana na kambi zote tatu. Zote zinaipima dokumentari hii kama kipindi cha burudani: ina jipya au haina, imechosha au haikuchosha. Mimi naiona kama ushahidi. Na thamani ya ushahidi iko pale mashahidi wanapopishana.

Chukueni suala la Cleese kuondoka. Alishiriki misimu mitatu ya kwanza, kisha akakataa kuigiza katika msimu wa nne, ndiyo maana msimu ule una sehemu sita tu badala ya 13. Yeye anasema walikuwa wameanza kujirudia, na kwamba kuandika pamoja na Chapman mlevi kulikuwa kumeshakuwa mzigo wake peke yake. Wenzake waliona bado kuna mambo ya kufanya. Tena kuna mvutano wake na Terry Jones, Mwelshi mwenye moto, aliyeweza kupigania wazo moja siku nzima, dhidi ya Cleese aliyekuwa baridi kama wakili. Watengenezaji wangeweza kumchagua mshindi. Hawakufanya hivyo. Wamemwacha kila mtu na toleo lake, nasi tuamue. Ukizingatia kuwa mwongozaji mmoja ni mtoto wa mmoja wa wagomvi, hilo siyo jambo dogo.

Kuna sababu nyingine ya mimi kuuheshimu ushahidi. Miaka ya 1960 na 1970 kanda za video zilikuwa ghali, na BBC ilikuwa na tabia ya kufuta vipindi ili irekodi vingine juu yake. Ndivyo sehemu nyingi za Doctor Who zilivyopotea. Terry Jones alikuwa akisimulia kuwa kanda za Python nazo zilikuwa kwenye mstari wa kufutwa, akapata taarifa kabla haijawa, akajiwekea nakala nyumbani. Na mwaka 1975 televisheni ya ABC ya Marekani ilikatakata vipindi vyao ili kupisha matangazo: katika dakika 90 ikaondoa dakika 24. Wakaenda mahakamani New York, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikawapa haki. Kwa hiyo "toleo la mwanasheria" ni utani wenye kovu. Watu hawa walijifunza mapema kwamba usipoilinda kazi yako na habari yako, mwingine ataifuta au ataikata.

Sasa nirudi kwa Terry Jones. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ana aina ya ugonjwa wa ubongo unaoondoa uwezo wa kuzungumza. Yeye! Msemaji kuliko wote, mtu wa historia, aliyeandika kitabu kizima kuhusu shujaa mmoja wa Chaucer. Ugonjwa ulimnyang'anya maneno taratibu. Alifariki tarehe 21 Januari 2020. Wiki chache kabla yake, Desemba 2019, alikuwa ametangulia Neil Innes, mwanamuziki wao, ambaye naye amehojiwa katika dokumentari hiyo.

Na waliobaki? Mwaka 2014 watano walipanda jukwaani pamoja kwenye ukumbi wa O2 jijini London, maonyesho 10, baada ya kushindwa kesi ya malipo ya Spamalot iliyowagharimu sana. Ikawa ndiyo kwaheri. Mwaka 2024 Idle alilalamika hadharani kuhusu mapato ya kundi, na Cleese akamjibu hadharani pia. Leo hata ungewataka wote waliobaki wakae wasimulie habari moja, sidhani kama wangekubaliana pa kuanzia.

Kwa hiyo, wadau, yule shabiki aliyesema mwaka 2009 kwamba saa sita ni nyingi mno, namwelewa. Lakini ndani ya saa hizo sita Terry Jones bado anazungumza, anacheka, anabisha, anajitetea mbele ya mashtaka ya Cleese, na kamera imeshikwa na timu ya mwanawe. Chapman hakuipata nafasi hiyo. Kama angeipata, leo tungekuwa tunalalamika kuwa saa sita hazitoshi.

Ukweli wa karibu karibu, sawa. Lakini umesemwa na wenyewe, wakiwa bado na sauti. Kama unaye mzee nyumbani mwenye hadithi uliyokwishaichoka, washa kinasa sauti.

Nawasilisha. Mnaobisha, uwanja ni wenu.