Russell Wilson na Seattle: mashabiki walibishania nini nyota wao alipobadilishwa?

Tarehe 8 Machi 2022, mashabiki wa klabu ya Seattle Seahawks, kaskazini magharibi mwa Marekani, walipokea habari iliyowagawa kwa miaka kadhaa. Russell Wilson, aliyeiongoza timu yao kwa misimu 10, alikuwa anapelekwa Denver Broncos. Makubaliano yalithibitishwa rasmi tarehe 16 mwezi huo, siku ulipoanza mwaka mpya wa ligi.

Siku ile ile ya tarehe 8 ilijulikana pia kwamba Bobby Wagner, nguzo ya ulinzi wa Seattle, ameachwa. Hao wawili walikuwa wa mwisho kubaki kati ya wachezaji walioiletea klabu hiyo ubingwa wake wa kwanza. Kwa saa chache tu, kizazi kizima cha mabingwa kikawa kimeondoka.

Mjadala uliofuata ulionekana kuwa wa bei: je, Seattle imepunjwa au imefaidika? Lakini ndani yake mlikuwa na maswali mengine mawili yaliyochanganywa na hilo la kwanza. Nani alaumiwe kwa kuondoka kwa Wilson? Na shabiki ana deni gani kwa mchezaji aliyempa furaha kisha akaondoka?

Kwotabeki ni nani?

Katika futiboli ya Kimarekani kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira mbele kwa yadi 10, yaani takriban mita 9. Ikifaulu hupewa majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa takriban kila jaribio. Kwa sekunde mbili au tatu, huku wapinzani wakimjia kumwangusha, huamua kuurusha kwa mwenzake aliye mbele, kumkabidhi mkimbiaji aliye karibu naye, au kukimbia nao mwenyewe. Hakuna nafasi katika soka inayolingana nayo kikamilifu. Ni kana kwamba kila shambulio lingelazimika kupita mikononi mwa mtu mmoja. Ndiyo maana kwotabeki husifiwa kuliko wote timu inaposhinda, na hulaumiwa kuliko wote inaposhindwa.

Mabadilishano hufanywaje?

Msikilizaji aliyezoea habari za usajili wa soka atakuta utaratibu tofauti katika ligi ya NFL yenye timu 32. Klabu inayomtaka mchezaji hailipi ada ya uhamisho kama ilivyo katika ligi za Ulaya. Badala yake hutoa wachezaji wengine, au hutoa zamu zake za kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu.

Uchaguzi huo wa vijana hufanyika kila mwaka mwezi Aprili, kwa raundi saba. Kwa kawaida timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza. Kwa hiyo zamu ya raundi ya kwanza ni mali yenye thamani kubwa, na thamani hiyo hupanda kadiri mwenye zamu anavyoshindwa uwanjani. Pia kuna ukomo wa fedha ambazo kila timu inaweza kutumia kwa mishahara. Mwaka 2022 ukomo huo ulikuwa dola milioni 208.2. Kwotabeki anayelipwa sana hupunguza kinachobaki kwa wachezaji wengine wote.

Kwa kawaida mchezaji hana sauti katika mabadilishano. Mkataba wake huhamia naye. Wilson alikuwa tofauti. Mkataba aliousaini mwaka 2019 ulimpa haki ya kukataa kupelekwa klabu asiyoitaka. Bila ridhaa yake, safari ya Denver isingewezekana.

Seattle ilimtoa Wilson pamoja na zamu moja ya raundi ya nne. Denver ilitoa wachezaji watatu, Drew Lock, Noah Fant na Shelby Harris, pamoja na zamu tano: mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na moja ya raundi ya tano, zilizogawanywa kati ya mwaka 2022 na 2023.

Kwa nini aliwauma?

Klabu ya Seattle ilianza kucheza mwaka 1976, na kwa miaka mingi haikuwa na ubingwa. Wilson alichaguliwa mwaka 2012 katika raundi ya tatu, akiwa wa 75 kwa jumla, kwa kuwa wengi walimwona mfupi mno kwa kazi hiyo. Tarehe 2 Februari 2014, akiwa katika msimu wake wa pili, aliiongoza Seattle kutwaa Super Bowl kwa kuifunga Denver, timu ile ile atakayohamia baadaye, 43 kwa 8.

Mwaka mmoja baadaye walirudi katika fainali dhidi ya New England. Wakiwa yadi moja tu kutoka ushindi, na zikiwa zimesalia sekunde chini ya 30, wengi walitarajia mpira apewe Marshawn Lynch, mkimbiaji mwenye nguvu. Wilson aliagizwa kuurusha. Mpinzani akaunyakua, na Seattle ikapoteza 28 kwa 24. Jeraha hilo halikupona kabisa, wala miongoni mwa wachezaji wala miongoni mwa mashabiki.

Hata hivyo, katika misimu hiyo 10 Wilson alishinda michezo 104 ya msimu wa kawaida. Hakukosa mchezo hata mmoja hadi alipoumia kidole Oktoba 2021. Nje ya uwanja alifahamika kwa kuwatembelea kila wiki watoto wagonjwa katika hospitali ya watoto ya jiji hilo. Kwa familia nyingi hakuwa mchezaji tu, bali mgeni aliyefika kitandani siku ya dhiki.

Mashabiki wenyewe nao hawajioni kama watazamaji tu. Mwaka 1984 klabu iliistaafisha jezi namba 12 kwa heshima yao, ikiwahesabu kuwa mchezaji wa 12. Desemba 2013 kelele zao zilipimwa kufikia desibeli 137.6, rekodi ya dunia wakati huo. Wengine huvuka mpaka kutoka Vancouver, nchini Kanada, kuja kuishangilia timu. Mtu anayeambiwa kwamba yeye ni sehemu ya timu hukasirika timu inapobadilishwa bila yeye kuulizwa.

Kambi tatu

Kambi ya kwanza ilisema klabu imefanya kosa kubwa. Hoja yao ilikuwa kwamba kwotabeki wa kiwango hicho hapatikani kwa urahisi. Zipo klabu zilizomtafuta kwa miaka 20 bila kumpata. Wilson alikuwa na umri wa miaka 33, na makwotabeki wengi bora hucheza vizuri hadi wanapokaribia miaka 40. Zamu za kuchagua vijana, walisema, ni matumaini tu, na aliye na kitu mkononi habadilishi na ahadi.

Kambi ya pili ilitazama hesabu. Msimu wa 2021 Seattle ilishinda michezo 7 na kupoteza 10. Isitoshe, zamu yake ya raundi ya kwanza ya 2022 ilikuwa imeshatolewa kwa New York Jets miaka miwili kabla, ili kumpata beki Jamal Adams. Timu ilikuwa dhaifu, haikuwa na njia ya kujijenga upya, na kwotabeki wake alikaribia kudai mkataba mpya mkubwa zaidi. Kwa kambi hii, afadhali kumtoa nyota akiwa bado na thamani kuliko kungoja akawa mzigo.

Kambi ya tatu ilisema amebadilishwa mtu asiyestahili. Kwa maoni yao, aliyepaswa kuondoka ni kocha Pete Carroll, aliyekuwa na umri wa miaka 70 na aliyependa mchezo wa tahadhari, wa kukimbia na mpira na kutegemea ulinzi. Mwaka 2020 mashabiki wengi walikuwa na kaulimbiu ya kutaka Russ aachwe “apike”, yaani aruhusiwe kurusha mpira kwa wingi. Timu ilianza msimu huo kwa ushindi mara tano mfululizo, lakini baadaye kocha alirudia tahadhari yake.

Juu ya nani aliyeanza, pande hizo hazikukubaliana kamwe, na wahusika wenyewe hawakuwasaidia. Mapema mwaka 2021 Wilson alilalamika hadharani kwamba anaangushwa mno, na wakala wake akazitaja klabu nne ambazo angekubali kwenda. Viongozi wa klabu walieleza kwamba yeye ndiye aliyetaka mabadiliko. Wilson alijibu kwamba hakuwa yeye aliyelianzisha jambo hilo, na kwamba uamuzi ulikuwa wa pande zote mbili.

Usiku wa kuzomea

Ratiba ya ligi haikuwapa watu muda wa kupoa. Tarehe 12 Septemba 2022, katika mchezo wa kwanza wa msimu, Wilson alirudi Seattle akiwa na jezi ya Denver. Siku 11 kabla alikuwa amesaini mkataba mpya wa miaka mitano wenye thamani ya takriban dola milioni 245.

Alizomewa tangu alipoingia uwanjani kupasha misuli, na alizomewa kila alipoushika mpira. Kelele zilizokuwa ngao yake kwa miaka 10 sasa zilimzuia kusikika na wenzake. Seattle ilimpanga Geno Smith, aliyekuwa ametumia miaka mingi katika benchi la akiba, na uwanja ukaliimba jina lake.

Denver ilipoteza mpira mara mbili ikiwa yadi moja kutoka mstari wa ushindi. Mwishoni, badala ya kumwachia Wilson jaribio la nne lililohitaji yadi 5, kocha wake aliamua mpira upigwe kwa mguu kutoka yadi 64. Haukupita. Seattle ilishinda 17 kwa 16.

Asubuhi iliyofuata yalianza mabishano mengine. Wapo waliosema kumzomea ni haki, kwa kuwa mtu akishavaa jezi ya wapinzani ni mpinzani. Wengine waliona aibu. Kwao, shukrani iliyokwisha siku ya kuhama haikuwa shukrani.

Jiji hilo lilikuwa na mifano miwili ya zamani katika besiboli. Mwaka 2001 Alex Rodriguez, aliyeondoka Seattle kufuata mkataba mnono Texas, alizomewa na kurushiwa noti bandia. Mwaka 2007 Ken Griffey Jr., ambaye naye aliomba kuondoka, alirudi na jezi ya Cincinnati na umati ukasimama kumpigia makofi kwa muda mrefu. Griffey, hata hivyo, alirudi baada ya zaidi ya miaka saba. Wilson alirudi baada ya miezi sita.

Hesabu ilivyofungwa

Swali la bei lilijibiwa haraka. Msimu wa 2022 Denver ilishinda michezo 5 na kupoteza 12, na kocha Nathaniel Hackett akafukuzwa kabla msimu haujaisha. Seattle, iliyotabiriwa kushika mkia, ilishinda 9, ikapoteza 8 na kufika hatua ya mtoano. Smith alitunukiwa tuzo ya mchezaji aliyerejea kwa kishindo.

Kwa kuwa Denver ilifanya vibaya, zamu yake ya 2023 iligeuka kuwa ya tano kwa ligi nzima. Seattle ilimchagua beki Devon Witherspoon kwa zamu hiyo. Zamu nyingine zilileta Charles Cross, Boye Mafe na Derick Hall, na wote wakapata nafasi katika timu. Machi 2024 Denver ilimwachia Wilson aende zake baada ya misimu miwili tu, ikabeba dola milioni 85 katika hesabu ya mishahara kwa mtu asiyeichezea tena.

Kambi ya pili ilikuwa na haki ya kujipongeza, japo hata wao hawakutabiri kwamba Wilson angeshuka kiwango kwa kasi hiyo. Kambi ya tatu nayo haikuambulia patupu. Carroll aliondolewa katika nafasi ya ukocha Januari 2024, baada ya timu kukosa hatua ya mtoano.

Swali la lawama limefifia, kwa kuwa kocha na kwotabeki wote wameshaondoka. Lililobaki ni la tatu, na halijibiwi na jedwali la matokeo. Matokeo ya Denver yalithibitisha kwamba klabu ilifanya biashara nzuri. Hayakuthibitisha kwamba waliomzomea walikuwa sahihi, kwa kuwa usiku ule hakuna aliyejua mambo yatakwendaje. Walichokijua ni yale yaliyopita: kombe la 2014, michezo 104 ya ushindi, na ziara za kila wiki katika wodi za watoto. Hayo hayakuwemo katika mabadilishano, na yamebaki Seattle.