Maisha ya Kila Siku Katika Pumwani Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960



Baada ya hesabu za fedha, na baada ya majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, tumeona yafaa kutia katika kitabu hiki maneno machache juu ya historia ya mtaa wetu. Sababu iliyotufanya tuchague habari za Hali ya Hatari ni hii. Mwaka huu ofisi yetu ililetewa sanduku la bati lenye kufuli iliyoshika kutu. Lilitoka katika nyumba ya bibi mmoja mwanachama wetu, aliyefariki akiwa amepita umri wa miaka 90. Mwaka 1954 alikuwa msichana katika nyumba ya mama yake hapa Majengo. Mpangaji wao mmoja alichukuliwa na askari asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, akasema, "Nishikieni sanduku langu." Hakurudi. Mama alipofariki, binti akalirithi pamoja na nyumba, akalihifadhi chini ya kitanda chake maisha yake yote bila kulifungua.

Halmashauri ilishauriana juu ya sanduku hilo kwa muda mrefu, na neno tuliloamua tutalieleza mwisho. Kwanza twapenda vijana wetu, ambao kama sisi hawakuwapo, wafahamu jinsi watu walivyoishi katika mtaa huu siku zile.

Pumwani ndio mtaa mkongwe wa Waafrika katika Nairobi uliobaki hata leo. Kabla yake palikuwa na vijiji kama Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Manispaa ilipima viwanja hapa, ikawaamuru watu wa vijiji vile wahamie. Pangani ndiyo iliyodumu zaidi, nayo ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na watu wake wakagawanyika kati ya Pumwani na Shauri Moyo. Kwa hiyo wazee wetu walikuwa wamekwisha kujua maana ya kuamriwa kufunga mizigo, kabla Hali ya Hatari haijafika.

Nyumba za Majengo zilijengwa kwa miti na udongo, na nyingi ziliezekwa kwa madebe yaliyofunuliwa. Ilikuwa desturi nyumba kuwa na ujia katikati na vyumba sita, vitatu kila upande. Wenye nyumba walilipa kodi ya kiwanja kwa Manispaa, lakini ardhi haikuwa yao. Si wachache kati yao waliokuwa wanawake, waliojenga kwa jasho lao wenyewe na kuwarithisha binti zao. Wengi walikuwa Waislamu, wa kila kabila, na Wakikuyu miongoni mwao. Katika nyumba moja aliweza kukaa fundi wa Kijaluo, mchuuzi wa Kikuyu, Mkamba askari wa zamani na Mnubi mzee, na wote wakasemezana kwa Kiswahili, wakachota maji katika bomba moja na kupanga foleni katika vyoo vya Manispaa.

Kazi ilikuwapo, lakini mshahara ulikuwa mdogo. Taarifa ya Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954, iliyoandikwa kwa amri ya Serikali yenyewe, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa makampuni katika miji walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima. Ujira ulikadiriwa kana kwamba kila mfanyakazi ni kapera, na mke na watoto watalishwa na shamba. Ndiyo sababu wengi hawakukodi chumba, bali walikodi nafasi ya kulala tu.

Hasira haikuanza mwaka 1952. Tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika kudai Harry Thuku afunguliwe walipigwa risasi hapa Nairobi, na Mary Nyanjiru akawa mmoja wa waliouawa. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitamka wazi kwamba nchi hii yapaswa kupewa uhuru kamili. Yeye na Fred Kubai walipokamatwa tarehe 15 Mei, wafanyakazi wakagoma, na Pumwani na Shauri Moyo zikawa kiini cha mgomo huo uliodumu zaidi ya juma moja. Moshi wa kutoa machozi ulijulikana hapa kabla ya Hali ya Hatari.

Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Usiku ule Jomo Kenyatta na viongozi wenzake wakakamatwa. Tangu hapo mtu wa kawaida aliishi chini ya amri mbili. Amri ya kwanza ilikuwa ya Serikali: kafyu, yaani kutotoka nje usiku, pamoja na vibali, ukaguzi wa barabarani, na askari kugonga mlango wakati wowote. Ya pili ilikuwa ya wapiganaji na wajumbe wao mjini. Mwaka 1953 walikataza watu wao kupanda mabasi, kuvuta sigara za viwandani na kunywa bia ya Kizungu. Basi wafanyakazi wakaenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, wakiharakisha kabla ya saa ya kafyu. Aliyepanda basi aliogopa macho ya jirani, na aliyekataa kulipanda aliogopa macho ya polisi.

Wapo waliolipa kwa roho zao. Mnamo Novemba 1952 aliuawa Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, mwana wa James Mbotela mwandishi wa kitabu Uhuru wa Watumwa. Mwaka uliofuata aliuawa Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi. Leo watoto wetu wanataja Mbotela na Ofafa kama majina ya mitaa, bila kujua kwamba yalikuwa majina ya watu. Upande wa pili, Serikali ilinyonga watu zaidi ya 1,000 katika miaka ile. Hayo yote tumeyaandika pamoja, kwa kuwa yote yalitokea, na mtaa huu ulilia pande zote mbili.

Wakati huo huo mji ulikuwa ghala la msitu. Fedha, dawa, nguo, risasi na habari zilitoka Nairobi kwenda Nyandarua na Mlima Kenya, na wanawake wengi walikuwa wachukuzi. Kikapu cha mboga na mtoto mgongoni havikutiliwa shaka upesi kama mwanamume mwenye koti refu. Serikali ilitambua kwamba vita vya msituni havitakwisha iwapo mji utaachwa.

Hivyo alfajiri ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, Nairobi ilizungukwa na askari na polisi wapatao 25,000, chini ya Jenerali George Erskine. Msako huo uliitwa Anvil, maana yake fuawe, chuma ambacho mhunzi huweka juu yake kitu cha kupigwa nyundo. Mtaa mmoja baada ya mwingine ulifungwa, na watu wakatolewa nyumbani. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na makabila mengine, wakapitishwa mbele ya watu waliovikwa magunia yenye matundu ya macho tu. Gunia likitikisa kichwa, mtu alikwenda zake. Likiinamisha, alipakiwa katika lori. Aliyechukuliwa aliruhusiwa mfuko mmoja. Vitanda, cherehani, vyombo, baiskeli na bidhaa za duka vilibaki nyuma.

Msako ulidumu kama wiki nne. Wanaume wapatao 20,000 walipelekwa kambi ya Langata, na kutoka huko wengi wakasafirishwa hadi Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto wapatao 30,000 walirudishwa katika rizavu, ambako tangu Juni mwaka ule watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vipya vyenye ulinzi na njaa. Ramadhani ya mwaka 1954 iliingia mwanzoni mwa Mei, msako ukiwa bado unaendelea. Fikirini mtaa wa Waislamu ukifunga na kufuturu huku vyumba vya majirani vikiwa vitupu.

Hapa ndipo penye habari ngumu, ambayo katika sherehe haisemwi. Vyumba vile havikukaa vitupu siku nyingi. Watu wa makabila mengine waliingia, wakashika nyumba, kazi na vibanda vya biashara vilivyoachwa. Wengine hawakujua walikuwa wakilala mahali pa nani. Wengine walijua. Mali ya waliochukuliwa iliibwa na askari, na pengine na jirani. Kwa upande mwingine, wapo waliomvika Mkikuyu buibui au kanzu, wakamwita kwa jina la Kiislamu na kusema, "Huyu ni ndugu yetu." Wapo walioshika funguo za wenzao kwa uaminifu mpaka siku ya kurudishiwa. Nyumba moja ya vyumba sita iliweza kuwa na watu wa aina hizo zote, na asubuhi walikutana bombani.

Wakikuyu, Waembu na Wameru walioruhusiwa kubaki walipewa kitabu cha pasi, na bila hicho hawakuweza kusafiri wala kuajiriwa. Baadhi ya mitaa, kama Bahati, ilizungushiwa seng'enge. Mwenye nyumba aliyetegemea kodi ya wapangaji sita alibaki na wawili, na kodi ya kiwanja haikungoja. Mama aliyeachwa na wajukuu alichoma mandazi usiku na kuyauza alfajiri. Kilabu cha pombe cha Manispaa kiliendelea kufunguliwa, watoto waliendelea kuzaliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, na wafu waliendelea kuzikwa.

Chama cha KAU kilipigwa marufuku tarehe 8 Juni 1953, na kwa muda Waafrika wa Nairobi hawakuwa na chama cha siasa. Waliobaki na mahali pa kukutana ni vyama vya wafanyakazi, ambavyo Tom Mboya alivitetea, na vyama vya ustawi na vya makabila, kwa mfano Luo Union. Huko watu walichanga senti za sanda, za nauli ya kusafirisha maiti, na za karo ya yatima. Tunaposoma hesabu zetu za mazishi kila mwaka, na baadhi yetu wakiona ni jambo dogo, tukumbuke kwamba siku zile mchango wa sanda ulikuwa karibu njia pekee iliyobaki ya watu kuketi pamoja bila kibali cha siasa.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, baada ya aibu ya Hola, ambako wafungwa 11 walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Waliotoka kizuizini walirudi mjini kidogo kidogo. Mtu aligonga mlango wa chumba alichokuwa akilipia, akafunguliwa na mgeni. Hapakuwa na mahakama ya kuamua habari ya kitanda na cherehani. Waliamuliana wenyewe, au hawakuamuliana, wakanyamaza. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na ukimya ule ukaendelea chini ya bendera mpya. Marufuku juu ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003 tu. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilisema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228, na mwaka 2015 sanamu ya ukumbusho ikazinduliwa katika bustani ya Uhuru. Twashukuru kwa hayo. Lakini hakuna serikali inayoweza kutusemea mambo yaliyotokea kati ya chumba na chumba.

Sasa tulirudie sanduku. Baadhi ya wanakamati walitaka lifunguliwe, ili jina la mwenyewe lijulikane. Mzee mmoja akasimama akasema, "Marehemu alikuwa na miaka sitini na zaidi ya kulifungua, naye ni mwanamke aliyewahi kulala na njaa. Kama yeye hakufungua, sisi ni nani?" Baraza lilinyamaza. Hata hivyo amana haiwi amana kama mwenyewe hatafutwi. Basi tuliamua kwamba sanduku likae ofisini, limefungwa, kwa muda wa mwaka mmoja, na habari zake zitangazwe misikitini, makanisani na sokoni Gikomba. Akitokea wa ukoo wake, atapewa. Asipotokea, litafunguliwa mbele ya mkutano mkuu, na wazee wa dini zote mbili wakiwapo.

Pamoja na hayo tumenunua daftari kubwa. Kila mzee anaombwa aje, au aitwe karani nyumbani kwake, aandikishe majina anayoyakumbuka: waliochukuliwa, waliorudi, wasiorudi, na walioshika funguo. Aliye na kipande, kitabu cha pasi au picha ya zamani, tutanakili na kumrudishia siku ile ile. Hatutauliza nani alivaa gunia. Lakini mzee akitaka kusema mwenyewe, ili autue mzigo, tutamsikiliza, na hatutaandika jina lake asipotaka.

Nyumba za udongo zinaondoka moja baada ya nyingine, na magorofa yanasimama mahali pake. Wazee nao wanaondoka. Yule bibi alilinda kitu kisicho chake kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu, wala hakudai ujira wa ulinzi. Sisi twaombwa kulinda majina tu, na kalamu ipo tayari.

Karani wa daftari anapatikana ofisini kila Jumamosi baada ya adhuhuri.