Chatu wa Kinshasa: Papa Mfumu'eto na vijitabu vya katuni vya mitaani

Mwaka 1990, juu ya meza za wauza magazeti jijini Kinshasa, kilionekana kijitabu chembamba cha katuni kilichosimulia kisa cha bwana mmoja mwenye fedha na msichana aliyekubali kumfuata nyumbani kwake. Walipobaki peke yao bwana yule aligeuka chatu, akammeza msichana mzima, kisha akaanza kutapika fedha. Kijitabu hicho kiliandikwa kwa Kilingala, si kwa Kifaransa. Aliyekichora ndiye aliyekiandika, na ndiye aliyegharamia uchapaji na kukipeleka kwa wauzaji. Hakikuwa na kampuni nyuma yake, wala mfadhili, wala idhini ya chuo chochote. Wakazi wa jiji walikigombania.

Mchoraji huyo alijiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza. Jina lake ni Jaspe-Saphir Nkou-Ntoula, mzaliwa wa Matadi, mji wa bandari ulio kwenye Mto Kongo, mwaka 1963. Katika Kikongo, mfumu ni mkuu au mtawala, na eto ni "wetu". Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kuona undugu wa neno hilo na "etu" ya kwake. Kwa hiyo mtu asiye na cheo chochote alijitawaza Mkuu Wetu wa Kwanza, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na mkuu mmoja tu aliyeruhusiwa kutajwa. Mzaha wa jina hilo haukuwa mdogo.

Wakati wenyewe unafaa kukumbukwa. Tarehe 24 Aprili 1990, Rais Mobutu Sese Seko alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja nchini Zaire. Magazeti mapya yakachipuka. Kwa kuwa wengi hawakuwa na uwezo wa kuyanunua, watu walikusanyika mbele ya meza za wauzaji, wakasoma vichwa vya habari vilivyoanikwa, wakabishana hadi jua kuchwa. Jiji likawapa jina: wabunge wa kusimama. Palikuwapo pia chombo kingine cha habari, cha zamani zaidi kuliko magazeti hayo, nacho ni kile Wakongo walichokiita redio ya kando ya barabara, yaani uvumi unaotoka mdomo hadi mdomo, usio na mtangazaji wala saa ya kufunga matangazo. Katuni za Mfumu'eto zilizaliwa mahali vyombo hivyo viwili vilipokutana. Visa vya nyoka anayetapika fedha vilikwisha kusimuliwa mitaani kabla ya yeye kushika kalamu, na visa vya aina hiyo vinajulikana katika miji mingi ya Afrika. Alichofanya yeye ni kuupa uvumi sura, nyumba, kitanda na magamba.

Wako waliomwona katika chatu huyo mtawala mwenyewe wa nchi. Mobutu alijipamba kwa ngozi ya chui, na chui ndiye aliyekuwa mnyama wa dola. Nyoka hakuwamo katika nembo yoyote, kwa hiyo mchoraji angeweza daima kusema kwamba amechora nyoka tu. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt wa Marekani, ambaye amezichunguza kazi hizi kwa miaka mingi, amezisoma kama ushahidi wa jinsi watu wa Kinshasa walivyoutazama utawala katika miaka yake ya mwisho: nguvu inayokula watu na kugawa fedha kutoka tumbo lile lile. Hata hivyo ingekuwa makosa kuzifanya zote kuwa mafumbo ya siasa. Nyingi zinahusu wake wenza, wana wa kambo, wachawi, marehemu wanaorudi kudai haki yao, na waume wanaodanganya. Msomaji alinunua kwanza hofu na kicheko. Maana nyingine alijitafutia mwenyewe, kama alitaka.

Fedha ambayo chatu aliitapika nayo ilikuwa ikifa. Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa walipora Kinshasa. Januari 1993 serikali ilitoa noti ya zaire milioni 5, wapinzani wakaikataa, wafanyabiashara wakakataa kuipokea, na askari waliolipwa kwa noti hizo wakaingia mitaani tena kupora. Kabla ya mwaka huo kwisha ilianzishwa sarafu mpya, ambayo zaire yake moja ilibadilishwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Katika hali hiyo kuendesha gazeti lenye mtaji lilikuwa jambo la hasara, lakini kijitabu cha kurasa chache, cha wino wa rangi moja juu ya karatasi nyepesi, kiliweza kupona. Mtaji wake ulikuwa mdogo, na kiliuzwa upesi kabla fedha haijashuka thamani. Mtu anayevishangaa vijitabu hivyo leo kwa sababu ya uchapaji wake hafifu anasahau kwamba uhafifu huo ndio uliovipa uhai.

Lugha ilikuwa silaha yake ya pili. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule na ofisi. Aliyeacha shule mapema alibaki nje ya mlango wa kitabu. Mfumu'eto aliandika Kilingala cha sokoni kama kilivyotamkwa, bila kusumbuliwa sana na tahajia. Anayejua herufi aliwasomea wasiojua, na kijitabu kimoja kikapita mikono mingi kabla ya kuchakaa. Msomaji wa Kiswahili naye hafiki hapo kama mgeni kabisa: mwana ni mwana, nyama ni nyama, nyoka ni nyoka, na kitenzi cha kumeza katika Kilingala, mela, ni binamu wa wazi wa "meza". Chatu peke yake ndiye aliyebadili jina; huko anaitwa nguma.

Mapenzi ya katuni za mitaani hayakuanza naye. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Kinshasa walikuwa na jarida lao la katuni, Jeunes pour Jeunes, lililomtambulisha askari polisi Apolosa na kuandika kwa Hindubill, lugha ya vijana wa mitaani iliyochanganya Kilingala na Kifaransa kilichopindwapindwa. Wasomaji wake waliyakariri maneno ya Apolosa kama watu wa leo wanavyokariri maneno ya wachekeshaji. Jarida lile lilikuwa na ofisi na wafanyakazi, lakini. Mfumu'eto alikuwa na meza yake na kalamu yake.

Upande wa Kiswahili mkondo kama huo ulipita Dar es Salaam. Jarida la Sani, ambalo jina lake linatokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, liliwalea wahusika ambao kizazi kizima cha Watanzania bado kinawakumbuka: Lodi Lofa, Komredi Kipepe, Ndumilakuwili. Mtafiti Jigal Beez ameonyesha kuwa safari za Komredi Kipepe zilichota kwa Asterix, yule shujaa mfupi wa Ufaransa, kisha zikamvisha mavazi ya kwetu. Huo ni wizi au ni ufundi? Mpenzi wa katuni hana budi kukiri kwamba ni vyote viwili, na kwamba mapishi ya Dar yana ladha yake. Na neno ndumilakuwili, kabla ya kuwa jina la mtu mnafiki na la mhusika wa katuni, ni jina la nyoka anayedhaniwa kuuma kwa ncha zote mbili. Nyoka, inaonekana, hawatoki katika sanaa hii. Nairobi nayo ilikuwa na jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst, ambamo mtu wa kawaida wa mjini alijicheka na kuicheka serikali kwa tahadhari. Lakini hilo liliandikwa kwa Kiingereza, na mlango wake ulikuwa mwembamba zaidi.

Ipo njia nyingine ambayo mchoraji wa Kongo angeweza kuifuata, na mfano wake ni Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani. Baruti amechapishwa Ulaya, katika majalada magumu na rangi kamili. Kitabu chake Madame Livingstone, alichokitoa mwaka 2014 pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, kinasimulia Vita Kuu ya Kwanza katika Ziwa Tanganyika na msako wa meli ya Kijerumani, Graf von Götzen. Wakazi wa mwambao wa ziwa hilo wanaijua meli yenyewe kwa jina jingine: ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa, na tangu mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Ni kitabu kizuri, kilichofanyiwa utafiti na kuchorwa kwa mkono uliokomaa. Ila mtoto wa mvuvi wa Kigoma au wa Kalemie, ambaye babu yake huenda aliiona meli ile ikipita, hawezi kukipata dukani kwao, na akikipata kiko kwa Kifaransa na kwa bei ya Ulaya. Mfumu'eto alichagua kinyume chake: karatasi mbaya, lugha ya nyumbani, bei ya mtaani. Kila njia ina gharama yake, na gharama ya njia ya Mfumu'eto ilikuja kuonekana baadaye.

Kwani karatasi mbaya haidumu. Vijitabu vilivyosomwa na watu wengi ndivyo vilivyochanika kwanza. Vingine vilifungia karanga, vingine viliwashia moto, vingine vilioza kwa mvua katika nyumba zinazovuja. Katika Kongo ya miaka ile maktaba hazikuwa na fedha za kununua hata vitabu vya shule, seuze katuni ambazo waalimu waliziona kama upuuzi. Hivyo kazi ambayo mtu mmoja aliichora kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, yenye matoleo mengi, ilikuwa katika hatari ya kufutika kabisa katika umri wa wasomaji wake wenyewe. Kilichoiokoa ni mambo mawili: mchoraji mwenyewe aliweka michoro yake, na wapo wapenzi wachache waliofungia nakala zao sandukuni wakiwa hawana sababu nyingine ila kuzipenda.

Mwaka 2015 taasisi ya Fondation Cartier ya Paris ilifungua maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyoandaliwa na André Magnin, yakipewa jina la Beauté Congo, na kurasa za Mfumu'eto zikaning'inizwa humo karibu na kazi za wachoraji mashuhuri wa Kinshasa. Wageni walizitazama kwa ukimya, kama ilivyo desturi ya majumba yale. Ni jambo la heshima, ingawa ni vigumu kutofikiria meza ya magazeti na makelele ya wabunge wa kusimama, ambako kurasa hizo hizo zilisomwa kwa sauti na kila mtu alikuwa na haki ya kukatiza.

Nyaraka zake, yaani michoro ya asili, miswada na matoleo yaliyochapwa, sasa zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville, Marekani. Huko zina rafu kavu na wakutubi wanaozijali, na mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya Kinshasa ya miaka ya 1990 anaweza kuomba kuziona. Mkazi wa Matete au wa Ngaba anayetaka kumwonyesha mwanawe yule chatu aliyemtia hofu utotoni hana maktaba ya kwenda. Atauliza kwa majirani, kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu, kwa shangazi anayetunza kila kitu. Na akibahatika atapewa nakala isiyo na jalada, yenye kurasa mbili zilizopotea katikati, ambazo mwenye nakala atazisimulia kwa mdomo.