Mtoto anapumua haraka: hesabu pumzi, kisha tazama kifua

Watoto wengi hukohoa na kutokwa na makamasi, na wengi hupona nyumbani. Ukali wa kikohozi peke yake haukuambii kama ugonjwa umefika kwenye mapafu. Angalia namna mtoto anavyopumua. Unaweza kufanya hivyo mwenyewe ukiwa na saa au simu inayoonyesha sekunde.

Subiri atulie. Akiwa analia au ananyonya, hesabu itapanda bila sababu. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Pandisha nguo uone kifua na tumbo. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto wachanga hupumua mbiombio, wakasita kidogo, kisha wakaendelea.

Mtoto wa chini ya miezi 2 anapumua haraka akifikisha pumzi 60 au zaidi. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka ni 50 au zaidi, na kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 ni 40 au zaidi. Kwa yule wa chini ya miezi 2, ukipata 60 hesabu tena. Ikibaki hivyo, mpeleke kituo cha afya mara moja. Mtoto mkubwa zaidi naye apelekwe siku hiyohiyo, kwani huenda ni nimonia.

Ukimaliza kuhesabu, usishushe nguo bado. Tazama pale mbavu zinapoishia. Sehemu hiyo ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, anapumua kwa shida. Usingoje asubuhi. Vilevile usingoje kama anaguna kila anapotoa pumzi, anakoroma akivuta hewa ingawa ametulia, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, au ulimi na fizi vimekuwa vya bluu au kijivu.

Njiani mbebe akiwa wima, kichwa kisiinamie kifuani. Mnyonyeshe kama anaweza, asipoweza usimlazimishe.

Huenda bibi au jirani akashauri mtoto akatwe kilimi. Anasema kwa mapenzi, lakini kataa. Kilimi hakisababishi nimonia, na kidonda cha kukatwa huweza kutoka damu nyingi au kuingia vijidudu. Dawa za antibiotiki zilizobaki kwa mtoto mwingine nazo usimpe. Nimonia isiyo kali mara nyingi hutibiwa kwa vidonge vya amoksilini vinavyoyeyushwa katika maji safi, na kipimo hutegemea umri na uzito. Ukipewa, maliza dozi hata akichangamka siku ya pili. Mrudishe baada ya siku 3 aangaliwe tena, au mapema zaidi akizidiwa.

Ukifika kituoni, usikae kwenye foleni ukinyamaza. Mwambie mhudumu umri wa mtoto, pumzi ulizohesabu, na kama umeona kifua kikibonyea.